Shangazi, Nampelekaje Mchumba Mwadui?

Pamba imeuzwa, chama cha ushirika (AMCOS) kimelipa, na ghafla Kimali nzima, huku kwetu Simiyu, imegundua utalii. Zamani mtu akipata hela aliongeza ndama. Sasa anataka kwenda Mwadui mwisho wa juma "kuona mji wa wazungu". Barua zimenijia kwa dereva wa Noah, zimejaa vumbi, na nyingine zimeandikwa nyuma ya risiti ya pamba. Nazijibu zinazojibika.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimepanga Jumamosi moja nimpeleke mchumba wangu Mwadui. Asubuhi tuzunguke nyumba za kikoloni, mchana tupige picha kwenye shimo la almasi, jioni tunywe soda kwenye klabu walimokaa wazungu. Nimeshamwahidi, na kofia nimemnunulia. Swali langu ni moja: tuvae sare au kila mtu na rangi yake? – Mpenda Kale.*

Marahaba, mwanangu. Vaeni mtakavyo, maana mlinzi wa getini haangalii rangi ya nguo. Anaangalia karatasi.

Umezoea kwamba mji wa kale ni kitu kilichokwisha, kama Kaole kule Bagamoyo: unalipa kiingilio, unaonyeshwa ukuta, unarudi. Mwadui haijakwisha. Mgodi alioanzisha John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, mwaka 1940 ungali mgodi, na mji uliojengwa kwa ajili yake ungali ndani ya uzio. Hizo nyumba unazotaka kupiga picha zina watu ndani, wameanika mashuka. Ukisimama uani kwa mtu na simu yako, ukamwambia unatafuta ukoloni, usishangae akikujibu.

Shimo nalo si la kuchungulia kama kisima. Mwamba wenye almasi pale umeenea kama hekta 146, yaani viwanja vya mpira karibu 200, na ni miongoni mwa mikubwa zaidi iliyowahi kuchimbwa duniani. Hapo yanapita malori. Hapaendwi na viatu vya sendozi.

Lakini wewe ni mwalimu wa historia, kwa hiyo nikuambie la kwako: uzio ndio historia yenyewe. Williamson alijenga mji kamili porini, wenye hospitali, shule, maduka, maji na uwanja wa ndege, wakati watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakichota maji lambo moja na ng'ombe. Na kama ilivyokuwa desturi ya Tanganyika ya Mwingereza, makazi yaligawanywa kwa rangi ya mtu, na mfanyakazi akitoka kazini alipekuliwa. Hiyo klabu unayotaka kunywea soda, babu yako angeiingia akiwa amebeba sinia. Mweleze mchumba hayo mapema, asije akayasikia mara ya kwanza akiwa ameshavaa kofia.

Sasa mpango. Andika barua kwa uongozi wa mgodi wiki kadhaa kabla, ipitie kwa mkuu wako wa shule, ukisema unaleta wanafunzi kwa ziara ya masomo. Ombi la shule lina sababu inayoeleweka. Ombi la mwanamume na kofia halina. Ndiyo, maana yake utakwenda na kidato cha tatu kizima, na mchumba ataandikwa kama mwalimu msaidizi wa safari. Akikuvumilia siku nzima huku mtoto mmoja anatapika na mwingine kapoteza kiatu, mahari yapelekwe haraka.

Usiende masika. Udongo wetu mweusi ukilowa hauna adabu, na Noah itageuka nyumba ya kulala. Nenda kiangazi, Ijumaa mshike njia ya Lalago mpaka Kolandoto, mlale Shinyanga mjini, asubuhi mrudi kwa lami kuelekea Mwanza mpaka Maganzo. Mwadui inaingilia hapo. Na mbele ya mlinzi usiseme "Mwadui ni kwetu". Ilikuwa ya mkoa wetu mpaka Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012. Sasa sisi ni wageni wenye lafudhi ile ile.

*Shangazi, mume wangu kila akilipwa anakwenda Maganzo "kutalii". Anarudi Jumatatu hana hela, ila ana kijiwe amekifunga kwenye karatasi ya sigara na hataki nikiguse. Nifanye nini? – Mama Watoto.*

Kiguse, mama. Kiguse mchana kweupe, mbele ya wajomba zake.

Maganzo ni nusu ya pili ya Mwadui, ile ambayo hakuna aliyeichorea ramani. Ndani ya uzio kulikuwa na mshahara. Nje palikua mji wa watu wanaosubiri kitu kianguke. Wapo wachimbaji wadogo halali na wapo wafanyabiashara wenye leseni, nawaheshimu. Wapo pia vijana wanaomwona mkulima ametoka mnadani, shingo ndefu, na kumpeleka pembeni kumwonyesha "mali". Mara nyingi mali hiyo ilianza maisha yake ikiwa chupa.

Kuna habari mbili, na zote mbaya. Kama ni kioo, ameibiwa. Kama ni almasi kweli, amenunua madini bila leseni, na hilo ni kosa la jinai. Serikali ilianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, la kwanza Geita, ili watu waache kuuziana vichochoroni. Na mume wako muulize: mtalii gani wewe kila mwezi unaona mji ule ule wala hupigi picha?

*Shangazi, barua ya nini? Kuna jamaa anajua pa kupenya kwenye uzio usiku. Tukishaona mji tunatoka. Tuko wanne. – Vijana wa Kazi.*

Hapa sitanii, wanangu. Msiende.

Watu wa vijiji vya kuzunguka mgodi wameulipia uzio huo kwa miili yao. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa kubwa za mgodi tangu 2009, ilikubali malipo ya pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 waliofungua shauri Uingereza kuhusu ukatili wa walinzi. Ndani yake zilikuwemo gharama za mawakili na miradi ya jamii. Someni hapo tena: watu 71, tena hao ni waliopata wakili. Novemba mwaka uliofuata ukuta wa bwawa la tope la mgodi ukabomoka, tope likaingia mashambani na kwenye nyumba za watu.

Jamaa yenu anayejua pa kupenya, muulizeni kwa nini yeye mwenyewe anatafuta watu wa kutangulia.

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe wangu ni mzee na anataka jambo moja tu kabla hajafumba macho: aione ile almasi ya waridi ya Mwadui. Baba mkwe naye anabisha kwamba Williamson hakugundua chochote, alionyeshwa na mtoto aliyekuwa akichezea jiwe. Nikodi gari? – Mkwe Mwema.*

Marahaba. Gari usikodi. Jiwe liliondoka zamani.

Lilipatikana Oktoba 1947, likiwa na karati 54.5, ambazo mama asihangaike nazo: ni chini kidogo ya gramu 11. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza liwe zawadi ya harusi yake, iliyofungwa Novemba mwaka huo huo. Likakatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya ua la almasi, pambo la kubana kifuani. Elizabeth mwenyewe alilivaa mpaka uzeeni. Kwa hiyo mtafutie mama picha kwenye simu, akuze kwa vidole viwili, mmalize. Najua atauliza bibi harusi alitoa nini baada ya kupokea. Mwambie barua ya shukrani.

Kuhusu baba mkwe, masimulizi ya mtoto na jiwe yanazunguka kwa sura nyingi, na mimi sitagombana na mzee wa watu. Ninachojua ni kwamba almasi zilijulikana Mabuki kabla Williamson hajafika, na yeye mwenyewe alianzia huko. Akahangaika miaka, hela zikamwishia, na aliyemshika mkono ni I. C. Chopra, wakili Mhindi wa Mwanza, aliyekuja kuwa na hisa. Kwa hiyo hata bila mtoto, simulizi ya mzungu mmoja porini na nyundo yake ina watu wengi waliosukumwa nje ya picha. Mpe mzee nusu ya ushindi. Akidai ushindi wote, mpe kiti kizuri na umwache aseme.

*Shangazi, mimi sitaki geti, sitaki barua, sitaki mlinzi. Nataka mgodi wa kale na upepo. – Mchovu wa Vibali.*

Basi geuza pikipiki uelekee kusini. Siku hizi kuna daraja mto Sibiti, ukivuka umeingia Singida, na Sekenke iko Iramba. Wajerumani walichimba dhahabu pale kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na hela zimewaishia, walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu za rupia 15 Tabora, kwenye karakana ya reli, upande mmoja wakaweka tembo. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania hadi leo, kwa hiyo mtu akikuuzia moja kando ya barabara kwa bei ya kuku, rudia jibu langu kwa Mama Watoto.

Beba maji, michembe na pampu ya matairi. Wachimbaji wadogo wapo maeneo hayo na hawako kwenye maonyesho. Ukitaka kuwapiga picha omba kwanza, na wakikubali, wanunulie chai.