Utepe Haujakatwa

Kombewa, Jumamosi, saa tano asubuhi. Mahema mawili meupe, viti vya plastiki vya kukodi, na spika mbili zinazopiga muziki wa ohangla mpaka chupa za duka la dawa zinagongana. Katikati ya uwanja imesimama pampu mpya ya mkono, imefungwa utepe mwekundu na kufuli. Kando yake, si mbali, iko pampu ya zamani, mpini umebaki juu, jiwe la ukumbusho kifuani. Kina mama walipanga mitungi yao ya lita 20 tangu alfajiri wakaambiwa wamngoje mgeni rasmi. Alipopigiwa simu, mgeni rasmi alisema yuko Kisian. Wanaoijua barabara ya Bondo walikaa chini.

Punda amefungwa kwenye mwembe. Mezani, juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, imewekwa Kengele ya klabu ya mjini, shaba tupu, na kinyundo chake cha mbao.

PUNDA: Omera, wewe unayeng'aa. Karibu Seme.

KENGELE: Mimi si ndugu yako, we mnyama. Mimi ni Kengele ya klabu ya huduma. Nikigongwa, mawakili, madaktari na wenye maduka ya simiti hunyamaza. Nikigongwa tena, huenda zao.

PUNDA: Na katikati hapo?

KENGELE: Wanakula.

PUNDA: Kila siku?

KENGELE: Kila wiki, hotelini, mjini. Supu, mbuta wa kukaanga, tikitimaji. Kisha taarifa ya mweka hazina, kisha faini.

PUNDA: Faini? Mmekamatwa na samaki wachanga?

KENGELE: Faini za furaha. Simu yako ikilia mkutanoni, faini. Ukinunua gari, faini. Binti yako akipata shahada, faini, tena unaitoa huku unacheka. Sajini wetu hupita na kikombe.

PUNDA: Hapa kina mama nao wana nyoluoro yao. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, chai na mihogo. Asiyeleta mchango siku hiyo, sijawahi kusikia mtu akicheka.

KENGELE: Ndivyo tulivyoanza hata sisi! Chicago, 1905. Wakili aliyeitwa Paul Harris aliuona mji mkubwa una watu wengi na marafiki wachache. Wakakutana wanaume wanne, leo ofisini kwa huyu, kesho ofisini kwa yule. Ikazaliwa Rotari. Mwaka 1917, katika mji huohuo, mtu wa bima aitwaye Melvin Jones akawaunganisha wenzake, wakazaliwa Lions. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotari mwaka 1930. Sisi ni ukoo mkubwa. Klabu yangu mimi siitaji jina. Nimekatazwa kulitaja mbele ya mifugo.

PUNDA: Wanaume wanne. Wanawake je?

KENGELE: (anajitikisa kidogo) Lions waliwafungulia mlango 1987. Rotari 1989, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kusema neno.

PUNDA: Kutoka 1905 hadi 1989. Miaka 84 ya kupanga huduma, na mezani hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kubeba mtungi.

KENGELE: Ya kale hayanuki. Siku hizi rais wetu ni mwanamke, na wimbo wetu ni mmoja tu: wanachama, wanachama. Kila mmoja alete mmoja. Wazee wanatutoka, vijana wanakula tikitimaji letu mara mbili halafu hatuwaoni. Wanarotari dunia nzima ni kama milioni 1.2, na wamekwama hapohapo miaka nenda miaka rudi.

PUNDA: Milioni 1.2? Basi sisi ndio nyinyi! Sensa ya 2009 ilihesabu punda wa Kenya milioni 1.8. Ya 2019 ikatukuta kama milioni 1.2.

KENGELE: Nyinyi nao hamkufanya kampeni?

PUNDA: Tulifanyiwa. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vinne, ngozi zikasafirishwa China kutengenezwa dawa. Waliibwa wenzangu usiku, mtu anaamka anakuta kwato. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukasema basi, biashara ya ngozi ya punda ikome bara zima. Kwa hiyo ukiniambia idadi yenu haipandi kwa sababu ada ni kubwa, nakuhurumia. Si sana.

(Hapa Kengele alinyamaza bila kugongwa, jambo ambalo kwa mujibu wa katiba ya klabu haliruhusiwi.)

KENGELE: Haya. Leo lakini si siku ya majonzi. Tunakabidhi pampu.

PUNDA: Na yule pale?

PAMPU YA ZAMANI: Kriii.

KENGELE: Anasema nini?

PUNDA: Anasema koo limekauka. Nami ninamwelewa, maana kunyamaza kwake ndiko kulikonirudishia kazi ya kubeba maji. Yeye ni wa ukoo wa Afridev, waliojaribiwa Kwale kule pwani miaka ya 1980. Waliomuunda walikuwa na akili: walitaka mama wa kijijini aifungue kwa spana moja, avute vyuma, atoe mpira uliochakaa, aweke mwingine, afunge, arudi kwake kupika. Mpira wenyewe una umbo la U, unaenea kiganjani. Bei yake haifiki sahani ya yule mbuta wenu. Huyu ameharibika mpira tu.

KENGELE: Mpira tu?

PAMPU YA ZAMANI: Kriii.

PUNDA: Mpira tu. Na aliletwa na klabu. Soma jiwe.

KENGELE: Nimelisoma. Ni klabu yetu. Huyo aliyeandikwa ni rais wa zamani, simu yake hulia mkutanoni mpaka leo.

PUNDA: Sasa kwa nini hamkuleta mpira?

KENGELE: Mzee, wewe hujui utawala. Kila tarehe 1 Julai tunabadilisha rais. Ana miezi kumi na miwili ya kuacha alama. Mwisho wa mwaka anasimama mbele ya gavana na kusoma aliyoyafanya.

PUNDA: Gavana wa Kisumu?

KENGELE: Gavana wetu. Sisi pia tunaye.

PUNDA: Mna rais, mna gavana, mna sajini. Mmebakiza jeshi la majini.

KENGELE: Sikiliza. Rais asimame mbele ya gavana aseme, “Mwaka wangu nilibadilisha mpira”? Jiwe la ukumbusho utalibandika wapi juu ya mpira? Nani atakata utepe shimoni, mita thelathini chini? Mpiga picha atasimama wapi? Pampu mpya inapigika picha. Mpira haupigiki.

PUNDA: Umesema kweli ambayo binadamu hawaisemi.

KENGELE: Ni kwa sababu mimi niko wazi ndani. Lakini nawe usinifanye mjinga. Nimesikia wakati wa kupanga viti. Pampu hii ilikuwa na kamati ya maji, watu saba, mwenyekiti, katibu na mhazini. Kila mtungi ulilipiwa. Hela zilikuwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Ziko wapi?

PUNDA: (anatazama kwato zake) Palitokea msiba.

KENGELE: Msiba mmoja?

PUNDA: Wa kwanza ulikuwa mmoja. Mkebe ukakopesha hema. Wa pili ukakopesha ng'ombe. Wa tatu ulikuwa wa mhazini mwenyewe. Nani hapa Seme ataenda matangani kudai hela ya mpira?

KENGELE: Kumbe.

PUNDA: Kumbe ndiyo hiyo. Sikusema sisi ni malaika. Hata mimi siku pampu ilipokufa nililia kwa sauti, lakini mwenye mimi alitabasamu. Mtungi wa kubebwa una faida kubwa kuliko mtungi wa kupampu. Wapo waliomwombea Afridev alale salama.

PAMPU YA ZAMANI: Kriii!

KENGELE: Hilo nimelielewa bila mkalimani. Lakini mzee, usituone watu wa supu tu. Mwaka 1985 Rotari ilisimama ikasema itaimaliza polio duniani. Watu walicheka. Wakachanga, wakabeba masanduku ya barafu, wakapita nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya wakiwatilia watoto matone mdomoni. Agosti 25, 2020, Afrika ikatangazwa haina tena polio ya virusi vya asili. Miaka thelathini na mitano, Julai 1 zaidi ya thelathini, marais wakabadilika kote, na kazi haikubadilika.

PUNDA: Hapo navua kofia, ingawa sina. Mbona huko hamkutafuta kila mwaka ugonjwa mpya wenye utepe mpya?

KENGELE: (kimya)

PUNDA: Nami nikupe ya Kombewa. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria, ile ya RTS,S, ilijaribiwa katika vituo 11 kwenye nchi saba za Afrika. Kimoja kilikuwa hapahapa. Watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla, na miongoni mwao wa hapa Seme. Mama amembeba mtoto kuteremka njia ile, mvua inanyesha, hajui kama sindano atakayochomwa mwanawe ni ya malaria au ni chanjo nyingine ya kulinganishia, kwa kuwa hata anayefuatilia afya ya mtoto haruhusiwi kujua. Anarudi tena siku aliyopangiwa. Mtoto akipata homa usiku wa manane, anampeleka apimwe damu, iandikwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Sasa nionyeshe mama mmoja kati ya hao aliyebandikwa beji.

KENGELE: Walibandikwa nini?

PUNDA: Pamba. Mkononi.

KENGELE: Hao ndio wanachama tunaowatafuta!

PUNDA: Wako pale, wamekalia mitungi. Yule wa leso ya kijani ni mhudumu wa afya ya jamii. Kwa miaka alizunguka boma kwa boma bure, anawajulia hali kina mama wajawazito, anapima mikono ya watoto kwa utepe. Huo ndio utepe pekee ninaoujua ambao haukatwi. Mwaka 2023 serikali ikawatangaza, laki moja nchi nzima, ikawapa mikoba na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Mwalike.

KENGELE: Tutamwalika! Alhamisi, saa saba mchana, hotelini.

PUNDA: Alhamisi saa saba yuko Asat, ufukweni. Na matatu kwenda Kisumu na kurudi ni nauli.

KENGELE: Kisha kuna ada. Inahesabiwa kwa dola.

PUNDA: Amewahi kuiona dola. Ilichapishwa kwenye fulana.

KENGELE: Upo mpango mwingine. Tangu miaka ya 1980 Rotari ina utaratibu wa vikundi vya vijijini: watu wa hapahapa wanaamua kazi yao wenyewe, klabu ya mjini inawashika mkono. Hakuna hoteli. Wanaweza kukutana chini ya mwembe huu. Umeandikwa kitabuni.

PUNDA: Kitabu kiko wapi?

KENGELE: Nimekikalia. Bila hicho meza inatikisika.

(Spika zinakatika ghafla. Msema chochote anatangaza kwamba mgeni rasmi amefika Holo na tafadhali watu wasiondoke, kuna hundi. Hundi ni ya kadibodi, urefu wake unamshinda mtoto wa darasa la pili aliyepewa kuishika, na upepo wa ziwani unampeleka nayo kuelekea choo cha wanaume.)

KENGELE: Mzee, mimi nimekupenda. Nijaze fomu yako. Mwezi huu natakiwa kuleta mmoja, na kengele hazisajiliwi. Jina?

PUNDA: Punda.

KENGELE: Kazi? Tunapenda fani mbalimbali, zamani ilikuwa mmoja kwa kila fani.

PUNDA: Maji.

KENGELE: Ah. Hiyo fani imejaa. Tunaye bwana wa maji ya chupa. Ndiye aliyeleta katoni zile za meza kuu.

PUNDA: Na meza ndogo?

KENGELE: Zinamngoja mgeni akate utepe.

(Mpishi anatoka nyuma ya hema akiwa na mwiko. Sufuria ya pilau inaungua, wageni watanawa kwa nini, nani ana ufunguo wa kufuli? Ufunguo uko na rais. Rais amekwenda kumpokea mgeni. Mvulana anafungua kamba ya Punda kwenye mwembe na kumning'inizia mitungi minne ubavuni.)

KENGELE: Unakwenda wapi? Hatujafika kwenye sahihi!

PUNDA: Kutoa huduma. Niandike mgeni.

KENGELE: Mgeni hulipia chakula chake mwenyewe.

PUNDA: Sawa. Na mwenye mimi amemwambia mpishi kwamba mtungi wa kawaida ni bei moja, na mtungi wa kunawishia watu wa tai ni bei mbili. Hiyo ya juu mwambie sajini ni faini ya furaha.

PAMPU YA ZAMANI: Kriii.

KENGELE: Sasa huyu anasema nini?

PUNDA: (tayari yuko barabarani) Anauliza kama hicho kitabu kina ukurasa wa spana.