Mambo Yaliyo Nyuma ya Redio

Redio ya kiwandani katika gari kuukuu ni kisanduku cha bati chenye vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja kila upande, na katikati kijidirisha chenye tarakimu na sindano nyekundu. Kifundo cha kushoto huwasha na kupandisha sauti, cha kulia husogeza sindano. Vitufe vitano vilivyopangwa chini ya kijidirisha vilikusudiwa kukumbuka vituo. Katika magari yaliyobaki Makongeni vitufe hivyo vimesahau karibu kila kitu, na kimoja kikibonyezwa huingia ndani moja kwa moja kisirudi.

Makongeni ni mtaa wa Thika ulio upande wa barabara iendayo Garissa, na magari ya aina hii hutambulika huko kwa mbali kwa namba zake: herufi tatu na tarakimu tatu basi, bila ile herufi ya mwisho iliyoanza kuongezwa mwaka 1989. Ni machache, na hayaongezeki, kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Gari kuukuu la Makongeni, kwa hiyo, limezeekea nyumbani. Yapo ya Datsun, yapo ya Toyota Corolla, lakini lenye mashabiki wengi zaidi ni Peugeot 504, ambalo hakuna anayeliita hivyo, ni Pijo. Pijo 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kisha ikapata kazi ya matatu ya masafa marefu, abiria saba na kuku wao. Land Rover ni habari nyingine. Thika yenyewe ina kiwanda kilichounganisha Land Rover tangu enzi za Leyland, kile ambacho sasa huitwa Kenya Vehicle Manufacturers, lakini Land Rover ya kawaida ya miaka ile haikuja na redio, na hata ingekuja, dereva asingeisikia kwa kelele za gia.

Redio ndani ya gari si jambo la jana. Wamarekani wa Motorola waliuza ya kwao mwaka 1930, na ile ya Blaupunkt ya Ujerumani ya mwaka 1932 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi, sawa na mtoto wa chekechea. Redio ya Pijo ni nyepesi kuliko hiyo, ila ina kasoro moja ambayo si ya kwake: ilitengenezwa kushika masafa ya kati na masafa marefu, wakati ambapo Sauti ya Kenya ndiyo iliyokuwa sauti pekee nchini. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia hewani, mwaka 2000 Kameme ikafuata, na baada yao msururu. Muziki, mizaha ya asubuhi na matangazo ya mazishi yakahamia FM. Redio ya zamani ikabaki katika soko lililohamwa, ikitoa mlio wa mafuta yanayokaanga mandazi, na kwa mbali, usiku wa manane, mtu anayezungumza lugha isiyotambulika. Wapo wazee wanaoipenda hivyo hivyo. Wengine huenda kwa fundi.

Fundi wa stima ya gari hukaa chini ya mti au kibanda cha mabati, na chombo chake kikuu ni taa ndogo ya kupimia waya, inayoshikwa kwa meno pale mikono miwili isipotosha. Mazungumzo ya kwanza hayabadiliki.

"Fundi, hii redio itachukua muda gani?"

"Hii? Hii ni dakika ishirini, mzee. Wacha funguo uende ukanywe chai."

Dakika hizo ishirini huanza kuhesabiwa siku waya wa mwisho utakapopatikana. Mwenye gari asiyejua hilo hunywa chai, akarudi, akanywa nyingine, na jioni akapanda matatu kurudi kwake akiwa na vile vifundo viwili vya redio mfukoni, alivyokabidhiwa visije vikapotea.

Kuitoa redio ya zamani ni kazi ya mwili mzima. Fundi huingia kichwa kwanza chini ya usukani, mgongo sakafuni, miguu juu ya kiti, viatu vikichungulia dirishani. Skrubu mbili za mbele hufunguka kwa hiari. Iko ya tatu, ya nyuma, inayoshikilia kipande cha bati kilichofungwa huko kiwandani na mtu mwenye vidole virefu. Skrubu hiyo hugunduliwa tu baada ya redio kuvutwa kwa nguvu na dashibodi kutoa mlio. Dashibodi iliyokaa juani miaka 40 ni kama biskuti: ukiiegemea haivunjiki, ukiivuta kidogo inapasuka, na ufa ukianza kwenye redio hauachi mpaka ufike kwenye tundu la hewa.

Yaliyo nyuma ya redio yanastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiko kila fundi aliyewahi kuligusa gari aliacha saini yake. Kiwanda kilipitisha waya kwa mpangilio, kila kazi na rangi yake. Mafundi waliofuata walipitisha walichokuwa nacho: waya wa kengele ya mlango, waya wa spika ya sebuleni, waya mweupe uliokatwa kwenye pasi iliyoungua. Kiungo kimoja kimefungwa tepe nyeusi iliyoyeyuka ikawa ulimbo, kingine plasta ya kidonda, na cha tatu karatasi ya peremende. Fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na kwa hiyo haiwezi kuungua; kinachoungua siku hizi ni waya. Katika Pijo moja ya Makongeni Phase 5 palipatikana pia kiota cha nyigu kilichohamwa, nusu ya kitana, na kipande cha kaseti ya mwanamuziki Kamaru kilichokuwa kikisakwa tangu familia ile ikiwa na watoto wawili tu. Kila fundi akifika hapo huwa na desturi ya kunyamaza kwanza, halafu huuliza kwa masikitiko, "Nani alikufanyia hii kazi, mzee?" Si mara moja jibu limekuwa kwamba ni yeye mwenyewe, miaka kumi iliyopita.

Redio mpya nayo si lazima iwe mpya. Ukubwa wake una kipimo kilichoanzia Ujerumani na kukubaliwa duniani kote: upana wa milimita 180, kimo milimita 50. Tundu la gari kuukuu halijawahi kusikia kipimo hicho. Ni matundu mawili ya vifundo na kijidirisha kati yake, hivyo fundi hutwaa ubapa wa msumeno wa chuma, akauzungushia kitambaa upande mmoja uwe mpini, akakata. Akikata kidogo, redio haiingii. Akizidisha, redio huingia yote, mpaka ndani, na kuitoa ni lazima arudi tena chini ya usukani. Katikati ya hayo mawili pana nafasi ya milimita mbili hivi, na ndiyo nafasi inayomtofautisha fundi na mtu mwenye msumeno.

Redio iliyo rahisi kupatikana kwa bei ya kuzungumzika ni ile iliyong'olewa kwenye gari lililotoka Japani. Nyingine humsalimu dereva kila asubuhi kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, na kumwomba jambo ambalo hajawahi kulielewa. Hilo huzoeleka. Lisilozoeleka ni kwamba FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za huko huishia 90, ilhali ya Kenya huanzia 87.5 na kwenda hadi 108. Redio kama hiyo Thika hushika ukingo tu wa mambo, kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi wa harusi. Dawa yake ni ekspanda, kisanduku kidogo kinachopachikwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa yote, tuseme kwa 20. Capital, iliyo 98.4, huonekana 78.4; Kameme, iliyo 101.1, huonekana 81.1. Mtangazaji hutaja namba moja, redio huonyesha nyingine, na mwenye gari hubaki akifanya hesabu za kutoa barabarani. Wapo waliobandika karatasi ya majibu kwenye dashibodi. Imeziba ule ufa vilevile.

Kisha huja stima yenyewe. Redio ya zamani ilihitaji waya mmoja wa moto, na bati lake likawa ndilo njia ya kurudia. Redio ya sasa hutoka na kishada cha rangi, na rangi hizo zina maana: mweusi wa bodi, mwekundu wa kupitia swichi ya funguo, wa manjano wa kukaa na moto daima ili redio ikumbuke saa na vituo. Baada ya kupima waya kumi na mmoja wa rangi moja, fundi huchoka na kufunga mwekundu na wa manjano pamoja. Vikiunganishwa kwenye waya wa betri moja kwa moja, redio hufanya kazi vizuri ajabu, hata gari likizimwa, hata mwenyewe akilala, na alfajiri betri haina nguvu ya kuwasha hata taa ya ndani. Gari kusukumwa Makongeni si aibu. Watoto wa shule hufika bila kuitwa na huomba zamu. Vikiunganishwa kwenye swichi, betri hupona, lakini kila kituo cha mafuta redio husahau ilikuwa nani, na salamu za Kijapani huanza upya.

Magari ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mtego wake. Mengi yaliunganishwa kinyume: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio ya sasa, ambayo ganda lake ni hasi, ikigusa tu bati la gari kama hilo huku waya wake ukiwa na moto, kazi huisha mara moja. Hutoka moshi mwembamba wa samawati, na fundi husema redio ilikuwa mbovu tangu dukani. Volkswagen za zamani zaidi zina lingine: betri ya volti 6, wakati redio inataka 12. Hizo hazitoi moshi. Hazitoi chochote.

Kuhusu spika, kosa ni lilelile kwa miaka mingi. Gari la zamani lilikuwa na spika moja, na aghalabu mguu wake mmoja ulifungwa kwenye bodi. Redio za sasa hazitaki waya wa spika uguse bodi hata kidogo. Ukigusa, hunyamaza, na nyingine hazisemi tena. Basi huletwa spika mpya na kutobolewa milango. Sumaku ya spika ina unene, na mlango wa Pijo una kioo kinachoshuka ndani yake, mambo mawili ambayo hukutana kwa mara ya kwanza siku mwenye gari anapoteremsha kioo alipe maegesho. Kioo husimama nusu. Likitendeka hilo Aprili, mvua za masika zikiwa zimechachamaa, spika ya upande wa dereva husikika kama inaimba ndani ya mtungi.

Wizi wa redio ndio uliozaa desturi ya zamani ya redio ya kuchomoka, ambayo mwenyewe aliibeba kwa mkono wake kama kibeti cha mama, akaingia nayo baa, benki na hata kanisani, akaiweka kwenye benchi kando yake. Baadaye ikawa uso tu ndio unaochomoka. Uso hauibiwi kwa urahisi. Husahaulika juu ya friji, na dereva husafiri hadi Garissa akitazama tundu jeusi.

Aliye na nia ya kulipeleka gari Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza Nairobi mwaka 1970 na ambapo waamuzi huchungulia injini, viti na hata uvungu, hana budi kufikiri mara mbili kabla ya msumeno. Njia iliyo nadhifu kuliko zote ni kuiacha redio ya kiwandani mahali pake, iwe pambo, na mpya kufichwa chini ya kiti. Ipo nyingine ya wenye subira: kuufungua moyo wa redio ya zamani na kupachika ndani yake sakiti ya sasa inayopokea nyimbo kutoka kwenye simu. Vifundo hubaki vilevile, sindano hubaki imesimama pale ilipokwama, na abiria huamini anasikiliza masafa ya kati. Kazi hii inataka risasi, jicho na mkono usiotetemeka, na fundi anayeiweza hasemi dakika ishirini. Husema, "Utanipigia."

Redio iliyotolewa haitupwi. Hupelekwa nyumbani ikiwa imefungwa kwenye gazeti na kuwekwa juu ya kabati, ambako hukaa mpaka siku gari linapopata mnunuzi. Mnunuzi wa gari kuukuu haulizi kuhusu injini. Huinama, akatazama lile tundu la milimita 180 kwa 50, akauliza redio yake ya kiwandani iko wapi. Kabati hupekuliwa, gazeti likafunguliwa, na redio huwa ipo, nzima, vitufe vyake vitano na sindano yake nyekundu. Kifundo cha kushoto kipo. Cha kulia kiko jikoni, kwenye jiko la gesi, kwa sababu siku cha jiko kilipovunjika kile cha redio kilijaribiwa kikaingia sawasawa, na mama mwenye jiko amekwisha kusema hakitoki.