Sababu Nzuri

Jumatatu

Nimefika ofisi ya mtaa saa mbili asubuhi. Ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya misitu ya Sao Hill, na baridi ya Mafinga inang'ata vidole. Nilihitaji barua ya utambulisho: mistari minne na muhuri. Mtendaji hayupo, ameenda na wenzake kumpokea mgeni. Tulikuwa watu kumi na wawili kwenye mabenchi ninayoyafahamu vizuri, maana niliyatengeneza mimi. Mmoja wetu ni dada mjamzito, ambaye kila mara alisimama kunyoosha mgongo.

Saa nane karani akatuambia turudi kesho. Leo ni siku ya mapokezi, alisema, na mgeni anatuletea maendeleo. Hakuna aliyebisha. Kuanzia leo nitaandika kila sababu ninayopewa.

Jumanne

Barua nimepata. Nikiwa kwenye bajaji na mbao zangu sita, barabara kuu ya kwenda Zambia ikafungwa kupisha msafara. Malori yalipanga foleni mpaka tukaacha kuyaona mwisho wake. Tulisubiri dakika hamsini. Bibi mmoja mwenye kikapu cha njegere alimuuliza askari nani anapita. "Hilo halikuhusu, mama," akajibiwa kwa upole. "Ni usalama tu."

Msafara wenyewe ulipita kwa muda usiozidi dakika moja, vioo vyeusi, taa zimewashwa mchana. Bibi alitikisa kichwa, akanyamaza. Kodi ya sukari anayonunua ndiyo inayolipia mafuta ya magari yale, kwa hiyo lilimhusu.

Jumatano

Asubuhi mtu aliweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa: rafu za dawa za zahanati, tupu, na panadoli pakiti mbili. Kabla sijamaliza kunywa chai, picha imefutwa na kundi limefungwa. Sasa anaandika admini peke yake. Tulikuwa tunalitumia hata kutangaziana misiba.

Nikampigia admini. "Kaka, sheria ya mitandao unaijua," akasema, "na mimi nina watoto." Nikamuuliza nani amempigia. Hakuna aliyempigia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza habari za uongo, na picha ile ilikuwa ya kweli. Kila mama aliyempeleka mtoto pale wiki hii anajua. Lakini siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, na tangu hapo mke wangu hufuta picha kwenye simu kabla ya kupanda basi. Hajaagizwa na mtu. Sheria ikishaingia ndani ya mtu namna hiyo, askari hana tena kazi ya kufanya.

Alhamisi

Nilikuwa kwa kinyozi. Kwenye televisheni mbunge mstaafu alikuwa anaeleza habari za Katiba. Mlango ukafunguka, akaingia mtu wa koti jeusi na viatu safi. Wembe ukasimama juu ya shavu langu. Kwa mkono wa kushoto kinyozi akatafuta rimoti, akaweka mpira, kisha akaendelea kuninyoa. Mgeni yule ni dereva wa lori la mbao, alitaka kupunguza ndevu tu. Kinyozi akasema mpira ndio unaoleta wateja.

Niliikumbuka Januari 2016, serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu ilikuwa gharama. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, na sababu ilikuwa kwamba ni wakati wa kazi. Zuio lile lilikaa hadi Januari 2023. Ukiipima kila sababu peke yake, ina uzito. Ukizipanga mstari mmoja, zote zinakupeleka kulekule: ujue kidogo, usubiri sana, usiulize. Nchi haipotezi uhuru wake kwa siku moja, hutolewa kipande kimoja kimoja, na kila kipande kina risiti.

Ijumaa

Nilikuwa nakwenda Makambako kufuata bawaba na gundi. Basi likapata pancha Nyololo. Jeki haikuwepo, ikabidi kuazima kwenye lori. Tulisimama kando ya barabara saa nzima.

Hapa Nyololo, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Alikuwa kazini. CHADEMA walikuja kufungua tawi, na polisi walikuwa wamezuia shughuli za vyama. Sababu ilikuwa sensa ya watu na makazi. Sensa ni jambo jema, nchi lazima ijue ina watu wangapi, na siku ile mtu mmoja alipungua. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Kijana wa miaka kama ishirini aliyekaa kiti cha nyuma yangu hakuwahi kulisikia jina hilo. Nilimsimulia mpaka tairi likafungwa.

Jumamosi

Jirani amekuja kurekebishiwa mlango. Mwaka 2019 aligombea uenyekiti wa mtaa kwa chama cha upinzani. Fomu yake niliisoma mwenyewe kabla hajaipeleka. Ilirudishwa kwa sababu aliandika jina la chama kwa kifupi. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa nchi nzima mwaka ule, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Nilimuuliza kama atagombea tena. "Fundi, nina mlango wa kulipia," akasema. Nilimfanyia bure, ila jibu lake halikubadilika.

Jumapili

Mkutano wa mtaa, baada ya ibada. Ulipangwa saa nane, ukaanza saa kumi. Yalisomwa matangazo ya usafi, ya michango na ya mwenge. Nikanyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, mapato na matumizi hayajasomwa tangu mwaka jana." Akatazama juu, akasema mvua inakuja, tutayasoma siku nyingine. Julai Mafinga huwa na manyunyu, kwa hiyo hata hiyo ni sababu.

Waliokaa jirani yangu waliinamisha macho. Nikaomba swali langu liandikwe kwenye muhtasari. Mtendaji akafungua daftari taratibu, akanitazama. "Jina lako nani?"

Ananijua. Meza aliyoegemea ni ya mpaini, niliitengeneza mimi mwaka juzi, na alinisifu mbele ya watu. Nikamtajia majina yote matatu, polepole, nikasubiri mpaka akamaliza kuandika.