Galoni, Debe na Kikombe cha Mama

Chamgei Mama, chamgei Baba, na wote mlioko Silibwet.

Mliniuliza kwenye simu kama maziwa ya huku Minnesota ni ghali. Ningejibu papo hapo, ila jibu linataka kalamu. Huku yanauzwa kwa galoni, wala si ile galoni Baba aliyoizoea kabla Kenya haijahamia lita. Ile ilikuwa lita 4.55, hii ni 3.79. Ni galoni ya mvinyo ya enzi za Malkia Anne, ya mwaka 1707. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824 wakajitengenezea kubwa zaidi, lakini Marekani ilikuwa imeshajitawala, basi barua haikuifikia.

Galoni ina kwati 4, kwati painti 2, painti vikombe 2, kikombe aunsi 8. Aunsi nazo ziko mbili, ya vinywaji na ya mizani, na hazijuani. Halafu unaingia dukani, soda iko kwenye chupa ya lita 2! Inaonekana soda peke yake ndiyo iliyopelekwa shule.

Mjomba mwambieni gari langu linakwenda maili 25 kwa galoni, yaani kama kilomita 10 na nusu kwa lita. Probox yake inanishinda, ila asitangaze.

Mwenzangu kazini aliyaonja majani yenu ya chai ya Kericho, akaomba nimwandikie namna ya kupika. Nikaandika: maji nusu, maziwa nusu, majani mpaka rangi ikubali. Akauliza, vijiko vingapi? Vikombe vingapi? Mama, kikombe chao ni mililita 237. Chako cha bati kinakaribia nusu lita, kwa hiyo mgeni mmoja wa Silibwet ni Wamarekani wawili.

Juzi lakini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nilikutana na ndugu yetu: ndoo ya galoni 5, karibu lita 19. Debe kabisa! Enzi za mkoloni mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa kwa mikebe ya galoni 5, miwili kwa kila kasha la mbao. Mafuta yalipoisha, watu wakaitumia mikebe hiyo, ndiyo madebe, kupimia nafaka. Kumbe mahindi ya Baba yamepimwa Kimarekani miaka yote hii, na hakuna aliyemdai viza.

Nimenunua ndoo mbili. Maziwa ya mursik sitayatia humo, Mama, usiogope. Shangazi akija huku Desemba mpeni sotet moja, kibuyu kisicho na alama yoyote ya kipimo.

Mwanenu.