Baba Watoto Aenda Mawindoni

Chanzo cha yote ni picha. Binamu ya mume wangu, Mkakwa wa upande wa Yei, Sudan Kusini, aliyepita kambini huku Uganda kabla ya kupelekwa Anchorage, Alaska, alituma picha ameshika pembe za mnyama ambaye sijapata kuona wa kufanana naye: ana mwili wa ng'ombe, miguu mirefu ya kutisha, na pua iliyoning'inia hadi chini ya mdomo. Huko wanamwita moose. Dume la Alaska hupita kilo 500, nyama yake peke yake huzidi 200, na sheria inamtaka mwindaji aitoe porini nyama yote inayolika, asiiache ikaoza. Shemeji alieleza kwa ujumbe wa sauti kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuwinda, na kwamba alijiandaa kimaskini. Bunduki ya kuazima, viatu vya mtumba, petroli ya kuchangishana na wenzake.

Mnyama hakumshangaza sana baba watoto. Kilichomwingia ni ule umaskini. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu hapa Koboko mjini, na hakuna kitu kinachompa usingizi mtamu kama jambo kubwa lililofanywa kwa fedha kidogo. Tangu Septemba ile ya picha mpaka mvua za Aprili, alikuwa mtu mwenye mpango.

Shida ya kwanza ilikuwa mnyama mwenyewe. Marehemu baba mkwe alikuwa akienda kuwinda kiangazi na wazee wenzake, nyasi zinachomwa, nyavu zinatandazwa, na kila ukoo unajua kipande chake cha pori. Wakati huo huku kwetu West Nile kulikuwa bado na vifaru weupe. Mlima Kei, huko Yumbe jirani zetu, ulitengwa kwa ajili yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda nzima haikuwa tena na kifaru porini. Leo ukionekana na mkuki karibu na hifadhi utajieleza mbele ya askari wa wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haina mzaha na asiye na kibali. Baba watoto, mzaliwa wa mjini, ambaye hata kuku wa Krismasi huchinjiwa na jirani, aliisoma sheria hiyo kwenye simu akashusha pumzi. Nilimwona. Alifurahi kukatazwa.

Ndipo akakumbuka kichuguu.

Kiko kwa mama mkwe, Kuluba, nyuma ya jiko, kirefu kuliko paa. Mgeni anaweza kudhani kichuguu ni udongo tu, lakini kwetu kina mwenyewe kama vile mwembe ulivyo na mwenyewe. Baba mkwe alipofariki, ng'ombe waligawanywa kwa amani, lakini kuhusu kile kichuguu vikao viliendelea mpaka mashemeji wengine wakaacha kusalimiana. Kikaangukia kwa mume wangu kwa kuwa ndiye mkubwa, na tangu hapo mama yake ndiye aliyekuwa akivuna, maana mwenye kichuguu alikuwa mjini akisahihisha madaftari.

"Mwaka huu navuna mwenyewe," akatangaza.

Kumbikumbi, onya kwa Walugbara, si chakula cha kubahatisha kwetu. Mvua za mwanzo zikishakolea, akina mama hukaa sokoni Koboko na Arua na mabeseni yao, wakipima kwa kikombe, na kikombe cha kwanza cha msimu huuzwa kwa bei ambayo ungepata nyama. Wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, huhitaji kuongeza tone. Wakikauka wanatwangwa, wanachanganywa na simsim, na ukiwapata na enyasa, ugali wetu, ya moto jioni hutauliza habari za Alaska. Kwa hiyo sikupinga mawindo. Nilichopinga ni bajeti.

Aliiandika kwenye daftari la hesabu. Juu: shilingi 60,000, na mistari miwili chini yake. Taa kubwa ya sola, 35,000. Gambuti, 22,000. Chumvi na dharura, 3,000. Hapo fedha ikaisha. Upande wa pili wa ukurasa kukawa na kichwa "Vilivyopo nyumbani", na orodha ikashuka mpaka chini kabisa: blanketi zito, karai kubwa, sufuria mbili, ungo, ndoo zenye mifuniko, jembe, chandarua, simu ya mama watoto.

Karai lile ndilo ninalokandia mandazi. Nauza karibu na stendi kila asubuhi, na fedha ya mandazi ndiyo iliyonunua karai, ndoo, na hata daftari alilokuwa akiandikia. Blanketi nililetewa na dada zangu siku ya harusi. Halijawahi kulaliwa na mtu asiye mgonjwa wala mgeni. Nikamuuliza gambuti ni za nini, mama yake amevuna miaka yote kwa ndala.

"Usalama," akasema. "Shemeji naye alianza na viatu."

Kuhusu chandarua, aliyetuokoa ni binti yetu wa darasa la tano. Baba yake alikuwa amekitandaza uani, anakipima kwa rula, akimweleza jinsi kitakavyofunika kichuguu chote. Mtoto akauliza, "Baba, si mwalimu wa afya alisema vyandarua vya serikali vina dawa ya kuua wadudu?" Palikuwa na kimya. Kisha baba akakikunja taratibu, akalifuta neno kwenye orodha kwa rula ileile, akaandika badala yake: "Shuka (kubwa)."

Mvua iliponyesha vizuri, mama mkwe alipiga simu. Hakusema mengi. "Wamefungua milango." Maana yake ni kwamba mchwa wafanyakazi walikuwa wametoboa matundu mapya ubavuni mwa kichuguu, na askari wenye vichwa vikubwa walikuwa wamesimama kwenye kingo kulinda. Usiku huo au kesho yake wenye mbawa watatoka. Wapo wanaoruka alfajiri, wapo wanaoruka mchana kweupe baada ya manyunyu. Wa kichuguu chetu ni wa usiku. Tukaenda kwa boda mbili. Yangu ilibeba mimi, kitinda mimba, karai na sufuria. Yake ilibeba yeye, taa, na gambuti alizokwisha kuvaa toka nyumbani.

Tulimkuta mama mkwe amemaliza karibu kila kitu. Alikuwa amefyeka nyasi, amechimba shimo la kina cha mkono chini ya matundu, kuta zake amezipiga maji na kuzilainisha ili atakayeanguka asipande tena. Alikuwa amekunja fito juu ya matundu, akingoja blanketi la kufunika. Nikalitoa mwenyewe, kwa mikono yangu, na yeye akalipapasa. "Zuri," akasema, "halipitishi mwanga." Ndani ya hema hilo giza linatakiwa liwe zito, upande mmoja tu uachwe wazi kuelekea shimoni, na humo shimoni uweke mwanga mdogo. Kumbikumbi anatoka, anaona mwanga, anaufuata kwa miguu, anaanguka. Mbawa zake hazijafanya kazi bado.

Manyunyu yakaanza. Mama mkwe akachukua vijiti viwili na kugonga ardhi kuzunguka kichuguu, pole pole, kama mvua inayokaribia, ili walioko chini wadhani imekuja kubwa. Watoto wakamsaidia. Ni sauti nzuri sana; ningekaa kuisikiliza hata kama hapangetoka kitu.

Lakini baba watoto alikuwa na nadharia. Aliwahi kupita Masaka mwezi wa Novemba, akaona wategaji wa senene: mabati yamesimamishwa, balbu kali juu yake, senene wanavutwa kutoka angani, wanateleza kwenye bati na kutumbukia mapipani. Fedha nyingi inapatikana pale kwa usiku mmoja. Kwa hesabu yake, mwanga mkubwa ni mavuno makubwa. Akapanda mwembe na ile taa ya 35,000.

"Mwanangu," mama yake akamwita kutoka chini, "senene unamshika akisharuka. Onya unamshika kabla hajaruka."

"Mama, wewe ngoja uone."

Taa ikawaka. Nakiri ilikuwa taa nzuri. Ua mzima ukawa mchana, kuku wakaamka kwenye mti, na vyura wakaanza kuja mmoja mmoja kana kwamba wamepewa kadi za mwaliko. Kumbikumbi wetu wakatoka. Wakafika kwenye ukingo wa shimo, wakaona juu ya blanketi kuna mwanga unaozidi ule mdogo wa shimoni, wakatafuta kila upenyo wa blanketi langu na kupaa mwembeni. Shimoni waliingia wa kufunika kiganja.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata mama mkwe hakuwahi kuliona. Nyuma ya uzio, kwa mzee jirani, kuna kichuguu kingine. Mzee alikuwa amekaa kwenye shimo lake na kienge cha nyasi, mtu mpole, anangoja zamu yake. Wake nao walikuwa wanatoka. Tukasikia kwanza mvumo, halafu wingu zima likavuka uzio na kuja kwenye taa ya mwalimu.

Tulifagia kumbikumbi chini ya ule mwembe. Karai likajaa, ndoo zikajaa, shuka likakunjwa ncha nne likawa mzigo. Mbawa zilianguka hadi tukawa tunakanyaga laini. Wakati huo mwindaji mwenyewe alikuwa ameshuka mtini na kusimama, kwa fahari, juu kabisa ya milango ya kichuguu. Askari wa mchwa hawajali gambuti. Wanapanda nje, wanaingia ndani kwa juu, na mdomo wao hukata ngozi mpaka damu. Kilichowafukuza vyura wale siku ile si sisi, ni baba watoto akiruka kwa mguu mmoja huku akijaribu kung'oa buti la mguu wa pili.

"Usalama," mama mkwe akasema, akaendelea kufagia.

Asubuhi tulipepeta. Nilikaanga sufuria ya kwanza kabla jua halijapanda, chumvi kidogo, na kwa muda wa saa nzima nilimpenda mume wangu bila masharti. Alipiga picha karai kutoka pande zote, akaweka gambuti moja pembeni ili shemeji wa Alaska apate kipimo. Mama mkwe akapakia ndoo moja akaenda nayo gulioni, maana bei ya mwanzo wa msimu haimsubiri mtu.

Alikuwa bado hajarudi mzee jirani alipoingia uani na mwenyekiti wa kijiji, wa LC1.

Kesi ilisikilizwa palepale chini ya mwembe, mbawa zikiwa bado zimelala chini kama ushahidi. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amelinda kichuguu chake tangu kiangazi, watoto wasikichimbe, mbuzi wasikipande, na usiku wa kuvuna mtu kawasha jua akamvunia kila kitu. Shimoni mwake kapata wa kujaza kikombe cha chai. Baba watoto akajibu kitaalamu. Kumbikumbi, alisema, akitoka hutafuta mwenza, humwaga mbawa, na wawili hao huchimba kichuguu kipya popote watakapo. Kwa hiyo akishapaa ameondoka nyumbani kwa hiari yake na hana mwenyewe. Wazee waliokuwa wamekusanyika walitikisa vichwa kwa heshima, hoja ilikuwa na elimu ndani yake.

"Walikuwa wanaondoka kwa hiari," mzee akasema, "lakini nani aliwaita?"

Mama mkwe, aliyekuwa anarudi na ndoo tupu kichwani, alisikia swali hilo akiwa bado njiani. "Taa iliwaita," akasema. "Nilimwambia." Shahidi wetu pekee, na huo ndio ushahidi alioutoa.

Mwenyekiti hakuchelewa. Nusu ya mavuno iende kwa mzee, na kwa kuwa sehemu imeuzwa na sehemu imeliwa, ipimwe iliyobaki na upungufu ulipwe kwa kitu. Tukapima, kikombe kwa kikombe, kutoka kwenye karai langu. Upungufu ukabaki. Mzee akatazama huku na huku, si kwa tamaa, ila kama mtu anayetafuta njia rahisi ya kumaliza jambo, na macho yake yakatua kwenye gambuti. Alizijaribu. Zilimkaa vizuri kuliko zilivyomkaa mwenyewe.

Taa nayo ikawekewa sharti: ukoo wowote ukivuna, isiwashwe juu ya kimo cha goti. Mwenyekiti aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akasoma kwa sauti, mzee akaweka dole gumba na baba watoto akatia sahihi. Kisha akatoa muhuri mfukoni, akaupuliza, akasema ada ya muhuri ni shilingi 5,000.

Dharura ilikuwa 3,000, na chumvi ilikwisha kununuliwa. Baba watoto aligeuka taratibu akanitazama mimi. Pochi nilikuwa nimeiacha Koboko mjini, tena nilikuwa nimeificha.

Mama mkwe akafungua ncha ya leso yake, akahesabu noti za asubuhi ile, akampa mwenyekiti. "Andika," akamwambia mwanawe, "kwenye lile daftari lako."