Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Albamu Usiyoisikiliza

Rafiki yangu, albamu inayopendwa na kila mtu haikupi faida yoyote. Ukitaja msanii anayepigwa kwenye kila daladala, nani atakushangaa? Wewe unahitaji kitu kilichowapita watu bila kukiona, na mimi ninacho: Spiderland, ya bendi ya Slint, vijana wanne wa Louisville, Kentucky, walioirekodi Chicago mwaka 1990. Nyimbo sita, dakika 39. Shika haya machache, na wiki haiishi utakuwa unaitwa mtaalamu wa roki mbadala.

1. Anza na kava. Muziki unaweza kungoja. Ni picha nyeusi na nyeupe: vichwa vinne vimechomoza kwenye maji ya machimbo ya zamani, bila jina la bendi wala la albamu. Itazame kimya, vuta pumzi, kisha useme: "Hii kaipiga Will Oldham." Usieleze ni nani. Ukiulizwa, washangae kwamba hawamjui.

2. Kariri msiba. Bendi ilivunjika kabla albamu haijatoka Machi 1991, kwa hiyo hapakuwa na ziara ya kuinadi. Simulia hayo kwa sauti ya mfiwa. Usitaje kabisa kwamba walirudi jukwaani mwaka 2005. Marehemu akifufuka, matanga yanavunjika.

3. Azima sifa, kisha punguza kidogo. Steve Albini, aliyewarekodia albamu yao ya kwanza, Tweez, aliihakiki hii katika jarida la Melody Maker la Uingereza akaipa nyota kumi. Wewe ipe tisa. Anayetoa kumi ni shabiki. Anayebana moja ndiye mhakiki. Wakikuuliza hiyo moja imepotelea wapi, tabasamu.

4. Chunga kichwa chako. Hapa wengi wameumbuka. Beti za "Nosferatu Man" zinakwenda kwa mapigo matano, si manne uliyoyazoea, na ukianza kutikisa kichwa kwa mazoea, kufikia mzunguko wa pili wewe na mpiga drams mtakuwa mmeshaachana. Ukiombwa kuchagua wimbo, chagua "Don, Aman". Huo hauna drams hata kidogo: magitaa tu, na mtu anayesimulia kwa sauti ya chini. Funga macho utulie. Hakuna awezaye kukosea mapigo yasiyopigwa.

5. Ukikutana na aliyeisikiliza kweli, usibishane naye. Mwache aseme yote, kisha itikia polepole: "Ni kweli, ila kwenye santuri ni kitu kingine kabisa." Hatakubishia, maana huenda naye hana santuri yake.

6. Ilinde isijulikane. Sifia kila siku, lakini usimpigie mtu hata sekunde moja. Thamani yako yote iko kwenye wingi wa wasioijua. Wimbo wa mwisho, "Good Morning, Captain", ulishaponyoka mwaka 1995 ukaingia kwenye muziki wa filamu ya Kids, na wajuzi wa enzi hizo wakapata hasara kubwa. Siku ukimsikia kijana wa jirani akiuimba huo, hama. Albamu zilizosahaulika hazijaisha duniani.

Na onyo moja, la kirafiki. Wimbo huo wa mwisho usiusikilize usiku ukiwa peke yako. Unaanza taratibu, msimulizi anaeleza kwa sauti ya chini habari za nahodha aliyenusurika meli yake ilipovunjika, magitaa yanazunguka palepale kwa muda mrefu, kisha mwishoni yanalipuka yote kwa pamoja na yule aliyekuwa akinong'ona anapiga ukelele mpaka sauti inamkauka. Ukifika hapo, unaweza kuipenda kweli, na kazi yote tuliyoifanya itakuwa bure. Aliyeipenda kweli huwa hana la kusema, na wewe umekuja hapa kutafuta maneno.