Milioni kwa Hisa Saba

Milioni moja ni tamu kuihesabu, chungu kuigawa. Kikundi chetu cha kukodisha turubai, viti na masufuria ya shughuli kina watu wanne na hisa 7: fundi seremala ana 3, mwenyekiti 2, mama ntilie 1, na mimi mweka hazina 1. Faida ya mwaka ilipofika 1,000,000 kamili, wenzangu walishangilia. Mimi nikaitazama ile 7, nikajua hapa amani hakuna.

Milioni ina jina kubwa, lakini ukiivunja katika namba tasa utakuta 2 sita na 5 sita, basi. Hakuna 3, wala 7. Igawe kwa 7 upate 142,857, na shilingi moja inabaki, ile ambayo siku hizi hata mtoto haihangaikii. Iondoe hiyo shilingi ubaki na 999,999, na mambo yananyooka: inagawanyika kwa 3, 7, 11, 13, hata 37.

Nikabandika karatasi ukutani: mama ntilie 142,857, mwenyekiti 285,714, fundi 428,571. Fundi akasogea, akaweka kidole chenye vanishi juu ya hesabu zangu.

"Mweka hazina, mbona tarakimu ni zile zile? Umezichanga kama karata!"

Nikajitetea kwamba ndivyo ilivyo: hisa 4 zingekuwa 571,428, hisa 5 zingekuwa 714,285, hisa 6 zingekuwa 857,142. Nilidhani naokoa jahazi, kumbe nalitoboa.

"Alaa! Kumbe hata wenye hisa hewa umeshawapangia!" akadakia mama ntilie.

Nikaeleza taratibu. Ukigawa 1 kwa 7, ukiendelea kushusha sifuri, mabaki yanakuja 3, 2, 6, 4, 5, 1, kisha yanaanza upya. Ukigawa 2 au 3 badala ya 1, unaanzia tu mahali pengine katika mzunguko huo huo. Ndiyo maana tarakimu hazibadiliki.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akataka kunisaidia. Akazidisha 142,857 kwa yenyewe, akapata 20,408,122,449. Akaikata: 20,408 huku, 122,449 kule. Akajumlisha: 142,857! Akasema namba za tabia hii zimepewa jina la Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali, India.

Fundi akaguna. "Yaani hela hii hata izidishwe ifike mabilioni, ikirudi kwetu ni ile ile?"

Kuona mambo yanachacha, nikapendekeza hisa ziwe 8: kila moja 125,000, bila baki. Wakapiga makofi, mpaka mama ntilie alipouliza hiyo ya nane ni ya nani.

"Ya usumbufu wa mweka hazina," nikasema.

Wakatazamana. Kisha, kwa kauli moja, wakanipitishia ile shilingi iliyobaki.